Bibi Alishukia Wapi

Tulimwacha Asajile amenyoosha mkono.

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, habari ni hii. Asajile, kijana wa Tukuyu, bwana mifugo hapa Sumbawanga, anamtaka Albina, binti wa Mzee Wilibrodi wa Milanzi. Mzee hakukataa. Alisema tu kwamba kwake binti haolewi mpaka bibi yake mzaa baba, Bibi Dominika wa kule Kalembe, aseme neno, na kwamba anayemtaka mjukuu aende akamlete bibi mwenyewe. Asajile akaenda na pikipiki nyekundu ya idara. Akarudi saa saba mchana, akaingia uani kwa madaha, wazee wa ukoo wote wamekaa wanamtazama. Akageuka, akanyoosha mkono amshushe bibi.

Nyuma yake palikuwa na gunia.

Nusu gunia la ulezi, limefungwa kwa mpira wa tairi, limemwegemea mgongoni kama mtu aliyesinzia. Bibi hakuwapo.

Mkono wa Asajile ulibaki hewani muda mrefu. Kuku mmoja alikuja kuutazama, akaondoka.

Gunia lile lilikuwa na sababu yake. Asubuhi, kule Kalembe, Bibi Dominika alikataa katakata kushika kiuno cha kijana ambaye bado si mkwe wa mtu. Akaamuru ulezi aliokuwa anampelekea mwanawe uwekwe katikati, uwe ukuta. Yeye akakaa upande nyuma ya ukuta huo, miguu yote kushoto, akalikumbatia gunia. Kwa hiyo njia nzima Asajile alihisi uzito laini mgongoni, akajua ni ulezi na bibi. Bibi mwenyewe ni mwepesi kiasi kwamba akiondoka kitini, springi hazina habari.

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Leonardi, kaka yake Wilibrodi, aliyekuja na wazee wenzake kutoka Mwimbi kwa lori la ushirika. Aliuliza kwa upole, na upole wa Leonardi ndio unaoogopwa.

"Bwana mifugo, mama yetu umemweka wapi?"

"Alikuwepo, baba."

"Lini?"

Asajile akafikiri. Akasema kabla ya daraja alikuwepo.

Leonardi akawageukia wenzake. "Huyu serikali inamlipa kuhesabu ng'ombe," alisema. "Bibi mmoja amempotea. Albina tukimpa atamwacha stendi gani?"

Wazee wakacheka kifuani, bila kufungua midomo. Sadoki, fundi cherehani kutoka Mbeya ambaye ndiye mshenga wa Asajile, akajaribu kueleza kwamba huenda bibi alikuwa na shughuli zake njiani. Akatazamwa mpaka akanyamaza. Mlangoni kwa jiko Albina alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga. Kama alikuwa analia au anacheka, kanga haikusema.

Mzee Wilibrodi ndiye aliyetoa hukumu. Lori la kuwarudisha watu wa Mwimbi linaondoka saa kumi kamili, na dereva wake hamngoji hata askofu. Bibi akifika kabla ya hapo, maneno yataendelea. Asipofika, wazee watarudi makwao, na habari ya Albina itasubiri mpaka baada ya Krismasi.

Ilikuwa Agosti. Kwa mtu mwingine, Krismasi si mbali. Kwa Asajile ilikuwa ni sawa na kuambiwa arudi akiwa marehemu, kwa sababu katika mfuko wa shati lake, upande wa moyo, palikuwa na barua.

Ilimfikia Jumanne. Aliisoma mara moja, akaishiwa nguvu kabla ya kufika chini, akaikunja mara nne, na tangu siku hiyo hajaifungua. Ilisema kuwa kuanzia tarehe moja mwezi wa kumi amehamishiwa kwao Tukuyu. Wenzake wangechinja mbuzi. Lakini Asajile alijua kwamba Wafipa hawa wa Milanzi hawatamtoa binti yao aende mbali hivyo na mtu waliyemjua jana. Hakumwambia Sadoki. Hakumwambia hata Albina.

Alimwambia gunia.

Ndiyo, wasomaji. Njiani asubuhi ile walikutana na ng'ombe mara mbili, kundi la kwanza kabla ya daraja la magogo, kundi la pili mbele kidogo, kwenye mikaratusi. Mara zote mbili alisimama, mguu chini, injini ikinguruma, kwa sababu pikipiki ile ukiizima inadai mateke ishirini ndipo iwake. Baada tu ya daraja, baridi inamchoma mashavu na siri inamchoma kifua, moyo wake ulilainika, akaanza kusema bila kugeuka.

"Bibi, nina barua ya uhamisho hapa mfukoni, upande wa moyo. Mwezi wa kumi naondoka. Albina hajui. Nikishamwoa nitamwambia tukiwa ndani ya basi."

Bibi hakujibu. Asajile aliuona ukimya ule kuwa ni hekima ya uzee. Akaongeza na mengine, ya utoto wake, ya deni la moyo wake kwa marehemu mama yake, mpaka machozi yakamtoka na upepo ukayakausha. Alipofika Milanzi alijiona amefuliwa akaanikwa.

Sasa alipokuwa anapiga teke la kumi na nane kuiwasha tena pikipiki, jambo moja tu lilimpa faraja. Kama bibi aliteremka kwenye ng'ombe wa kwanza, basi siri umeijua ulezi peke yake, na ulezi hausemi mpaka uwe pombe.

Alirudi mbio. Barabara ya uwanda wetu mwezi wa nane mnaijua, vumbi mbele, upepo ubavuni, na nyasi zilizolala upande mmoja kama zimeambiwa. Hakwenda mbali. Akamkuta Katekista Adolfu anasukuma baiskeli, mnyororo umekatika unaning'inia, jasho linamtiririka kwenye baridi ile.

"Shikamoo, baba Katekista."

"Marahaba. Nakufukuza wewe tangu asubuhi," alisema Adolfu, akaegemea usukani wa baiskeli kuvuta pumzi. "Nimekuita mpaka sauti ya Jumapili imeisha."

Alieleza. Alikuwa anakwenda zake kwa wakatekumeni akakutana nao, pikipiki imesimama inangoja ng'ombe wapite. Bibi Dominika alipomwona Katekista, mtu aliyewabatiza wajukuu zake saba, angemsalimuje akiwa amekaa juu kama mzigo? Mwanamke wa pale hamsalimu mtu wa heshima kutoka juu ya kiti. Akateleza chini, akapiga magoti kwenye vumbi, akapiga makofi yake taratibu, akaanza kuulizia habari za nyumbani, za shambani, za parokia. Alipofika kwenye habari za mbuzi, ng'ombe walikuwa wamekwisha pita. Pikipiki ikaondoka.

"Alisema nini?" aliuliza Asajile.

"Alimaliza kwanza salamu," alisema Katekista. "Ndipo akasema, kijana ameniacha."

Adolfu akarukia baiskeli amfukuze, mnyororo ukakatika. Alipogeuka nyuma akaona lori la watu wanaohamia vijijini limesimama pale alipomwacha bibi. Lilipoondoka, bibi hakuwapo barabarani. Bila shaka yuko Amkeni, kile kijiji kipya kinachojengwa mkono wa kulia.

Asajile alishukuru, akaondoka. Kitu kimoja hakukiuliza, kwa haraka zake. Hakuuliza ni ng'ombe wepi.

Amkeni siku zile ilikuwa nguzo na matumaini. Nyumba nane zimesimama, nyingine zimechorwa chini kwa jembe. Katikati, mbele ya meza iliyowekwa juani, alikaa karani mmoja kijana mwembamba, jina lake Eustace, kalamu mbili mfukoni. Na pembeni yake, juu ya kigoda, amekaa Bibi Dominika anakunywa uji. Miguuni pake palikuwa na jembe jipya.

"Shikamoo, bibi," alisema Asajile, na akajikuta amepiga magoti bila kupanga.

"Marahaba, mjukuu. Ulifika salama?"

Wanawake waliokuwa wanakandika ukuta wakaacha kazi.

Asajile akaomba msamaha kwa lugha zote alizonazo, kisha akamwambia karani kwamba huyu ni mgeni, si wa hapa, anangojwa Milanzi kabla ya saa kumi. Eustace akafungua daftari. Alisema, bila ubaya wowote, kwamba haiwezekani.

"Ndugu, orodha yangu ina watu arobaini na moja. Lori limeshusha arobaini na moja. Jumatatu wanakuja wakubwa kuwahesabu."

"Lakini huyu ni Dominika wa Kalembe."

"Najua. Amenieleza mara tano." Eustace akashusha sauti. "Wa arobaini na moja alikuwa mama mmoja, Fransiska. Njiani aliomba ashuke akachimbe dawa. Anachimba mpaka sasa hivi."

Yaani karani alifika pale barabarani ana pengo la mtu mmoja, akamwona bibi kizee amesimama peke yake na kikapu, akaona Mungu amemjibu. Bibi akapakiwa, akaandikwa Fransiska, akapewa kiwanja na jembe. Hakugoma. Alisema wamempa uji, jambo ambalo wengine walimsahaulia.

Asajile alitazama saa. Saa nane na nusu. Alimbembeleza karani, akamtishia kidogo, akamwahidi chanjo ya kuku wote wa Amkeni. Eustace akabaki anatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Namba ni namba. Amtoe mmoja, aweke mmoja.

Ndipo bibi akaweka kikombe chini.

"Basi mwandike huyu," alisema.

Karani akamtazama Asajile kama mtu anayenunua dume. Kijana, ana nguvu, anajua mifugo. Sheria inakataa? Hakuna sheria inayomkataza mtu kupenda kijiji. Asajile naye akawaza upesi. Jina daftarini ni wino tu. Mwezi wa kumi yeye yuko Tukuyu, wakubwa wamhesabu wakimkuta. Akacheka, akachukua kalamu, akaandika jina lake lote na la baba yake, na Eustace alipoomba na dole gumba akatoa dole gumba. Namba arobaini na moja, kiwanja cha karibu na kisima. Muhuri ukagongwa mpaka meza ikayumba.

"Nakala nimpe nani?" aliuliza Eustace.

Bibi Dominika alikuwa amekwisha nyoosha mkono. Akaikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga, fundo la kwanza, fundo la pili.

Asajile akaruka juu ya pikipiki, akapiga mateke, ikakubali kwa teke la kumi na mbili. Akamwambia bibi apande, wakati umekwenda. Bibi hakuondoka kwenye kigoda.

"Nilipanda asubuhi," alisema. "Sasa panda wewe nikuone."

"Bibi, mimi ndiye dereva."

"Kwa hiyo hujawahi kukaa nyuma."

Hajawahi, na alipofungua mdomo kujitetea ndipo alipojua kwamba hajawahi. Mtu wa pikipiki ya serikali hakai nyuma. Bibi akamwambia karani Eustace akae mbele ashike usukani, injini ikinguruma vile vile kama asubuhi. Akaomba kitenge kwa mmoja wa wakandikaji, akamfunga Asajile kiunoni kikambana mpaka kwenye vifundo vya miguu, fundo la heshima. Akampa kikapu mkono mmoja na jembe mkono wa pili. Kisha akarudi kukaa.

"Haya, mjukuu. Twende zetu. Tunachelewa."

Nimewahi kuanguka mbele ya watu, tena siku ya mshahara, kwa hiyo ninachosimulia hapa nakisimulia kwa huruma.

Asajile alikwenda upande wa kulia kwa sababu ndio ulikuwa karibu. Shavu la mguu likagusa bomba la moshi. Kitenge kikalia tsss. Akaruka, akazunguka kushoto akichechemea, akanyanyua mguu. Haukunyanyuka, kitenge kilikuwa na maoni yake. Akatafuta pa kushika. Mkono wa kikapu haukuwa na nafasi, mkono wa jembe ulikuwa na jembe. Akajirusha kwa makalio. Eustace alipohisi uzito umegusa kiti akadhani abiria yuko tayari, akaachia klachi. Pikipiki ikaruka kama ndama, na bwana mifugo akabaki amekaa chini pale pale ilipokuwa, miguu imefungwa, kikapu kichwani.

Wakandikaji walikaa chini wote. Mmoja alicheka mpaka akaomba ashikwe. Pikipiki ilikwenda peke yake na Eustace hadi kwenye rundo la nyasi za kuezekea, ikazimika kwa adabu.

"Umeumia?" aliuliza bibi.

"Hapana, bibi."

"Mimi niliungua asubuhi, nikipandia kulia. Sikusema, kwa sababu ulikuwa unaongea na injini."

Akapandisha kanga kidogo, akamwonyesha. Juu ya kifundo cha mguu palikuwa na alama nyekundu, ndogo kama kifuniko cha dawa ya meno. Asajile aliitazama, na kicheko chote cha Amkeni kikapungua masikioni mwake. Mtu alikuwa ameungua nyuma ya mgongo wake, saa nzima, na yeye alikuwa anajisifu moyoni kwamba anaendesha vizuri.

Alipofungua kitenge akapanda tena mbele, hakuambiwa la kufanya. Aliiacha injini imezimwa. Akakanyaga ardhi kwa miguu yote miwili, akabana breki, akainama kidogo upande wa kushoto. Akamwomba Eustace aweke kigoda pale, mbali na bomba, akakitikisa kwa ncha ya kiatu aone kama kimekaa sawa. Akatoa bega.

"Shika hapa, bibi. Uzito wako wote."

"Asubuhi nilikuwa sikushiki," alisema bibi, akalishika. "Asubuhi ulikuwa mtu wa njiani. Sasa una kiwanja."

Akakanyaga kigoda, akaketi, akapanga kanga yake ikae mbali na gurudumu, akatafuta kikanyagio kwa unyayo mpaka akakipata. Asajile alingoja. Ilikuwa ngumu, saa inakimbia, lakini alingoja mpaka aliposikia neno lenyewe.

"Nimekaa."

Kigoda kikafungwa kwenye keria, na jembe akalipakata bibi. Karani alisema kigoda ni mali ya kijiji. Bibi akamwambia kimepanda na mwanakijiji.

Waliondoka Amkeni saa tisa kasoro dakika chache. Mwendo wa pikipiki hadi Milanzi ni nusu saa, kama barabara haina watu. Ilikuwa na watu.

Makubaliano yalikuwa haya: bibi akipiga bega mara moja, simama. Hawajafika mbali, bega likapigwa. Mzee mmoja alikuwa anatoka shambani. Asajile akasimama, akazima, miguu chini, kigoda, bega. Bibi akashuka, akapiga magoti, akasalimu, akasalimiwa, akapanda. Mateke kumi na tano. Mbele kidogo, bega tena. Ilikuwa ni mama mkwe wa binti yake. Hiyo salamu haifupishwi.

Salamu ya tatu Asajile alijaribu hila. Aliwaona watu kwa mbali akaongeza mwendo, akajifanya hakuhisi bega. Bega likapigwa kwa jembe. Akasimama.

Kufikia ya nne alikuwa ameacha kutazama saa. Alikuwa sasa anatazama ardhi, wapi pako sawa, wapi hapana jiwe, kigoda kisiyumbe. Aligundua kwamba ukimkaribia mtu taratibu na kuzima mapema, vumbi halimfunikizi anayesalimiwa. Aligundua pia kwamba yeye mwenyewe anasalimiwa. Wiki nzima huwapita watu hawa mbio, hajui mmoja wao kwa jina. Sasa waliuliza huyu kijana ni nani, na bibi akawa anajibu kwa Kifipa jibu refu ambalo Asajile hakulielewa, na kila aliyelisikia alimtazama yeye, kisha jembe, kisha yeye.

Salamu ya sita pikipiki ikagoma. Mateke arobaini. Hakuna kitu, hata kikohozi. Saa kumi kasoro dakika kumi, na Milanzi inaonekana kule juu ya mwinuko, mabati yanameta.

Asajile akaweka kichwa juu ya tangi la petroli.

"Nishuke?" aliuliza bibi.

"Hapana," alisema Asajile. "Kaa hapo hapo."

Akashuka yeye. Akashika usukani, akaanza kusukuma. Hatua kumi, ishirini, mwinuko ukamshika kooni. Kisha pikipiki ikawa nyepesi. Akageuka akaona mikono. Mzee wa salamu ya kwanza alikuwa nyuma, na wale wa tatu, na kijana wa salamu ya tano na mbwa wake. Walikuwa wakiwafuata tangu kule, kila aliyesalimiwa aliona si vizuri bibi aende kwenye maneno ya mjukuu peke yake. Katekista Adolfu naye alikuwapo, baiskeli begani.

Hivyo ndivyo walivyoingia Milanzi. Pikipiki kimya, watu kumi na wanne wanasukuma, na juu yake Bibi Dominika, mgongo umenyooka, amekaa kama anapelekwa kusimikwa.

Lori la ushirika lilikuwa linanguruma mlangoni. Wazee wa Mwimbi walikuwa wamepanda, Leonardi ameshika bomba la juu. Dereva alipiga honi ya mwisho. Sadoki mshenga alikuwa amesimama mbele ya lori ameeneza mikono, akieleza jambo ambalo hakuna aliyelisikiliza.

Asajile hakukimbia. Akaisimamisha pikipiki pasipo na mawe. Akafungua kigoda, akakiweka kushoto, akakitikisa kwa ncha ya kiatu. Akainama, akatoa bega. Bibi akalishika, akakanyaga, akashuka kama mtu anayetoka kwenye benchi la kanisa baada ya misa. Hakuna kanga iliyonaswa, hakuna vumbi lililotimka.

Leonardi alitazama yote hayo kutoka juu. Kisha akamgongea dereva paa la lori, akamwambia azime.

Wazee wakashuka. Pombe ya ulezi ikatolewa, viti vikapangwa, salamu zikaanza upya na zikaenda mpaka mwisho. Bibi Dominika akapewa nafasi. Albina akasogea, amepiga magoti kando ya mama zake, macho chini.

"Kijana huyu sina ugomvi naye," alisema bibi. "Asubuhi alinipoteza, mchana amenitafuta. Kumpandisha mtu na kumshusha, amejifunza leo, tena kwa haraka kuliko baba zenu."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Sadoki akampiga Asajile teke dogo, kwa furaha, kwenye kidonda cha bomba.

"Ila ana barua," alisema bibi.

Asajile akafunika mfuko wa shati kwa kiganja.

"Barua gani, mama?" aliuliza Wilibrodi.

"Imo hapo mfukoni, upande wa moyo. Mwezi wa kumi anahamia Tukuyu. Albina ataambiwa wakiwa ndani ya basi."

Pombe ilikuwa inamiminwa, ikaacha kumiminwa. Ulezi ulikuwa umesema.

"Bibi," alinong'ona, "si ulishuka kabla ya daraja?"

"Ng'ombe walikuwa makundi mawili, mjukuu. Mimi nilishukia kwa wa pili, mikaratusini. Barua niliisikia yote. Ya marehemu mama yako ndiyo niliyoikosa, na hiyo utanisimulia tena, maana Katekista anasema uliondoka unalia."

Hapo Leonardi akaanza kucheka, safari hii kwa mdomo wazi. Bibi hakucheka. Alikuwa anafungua pindo la kanga, fundo la kwanza, fundo la pili. Akatandaza karatasi juu ya goti, muhuri unang'aa.

"Nilipoisikia ile, nikajua lazima nipate pa kumfunga. Mungu akaleta lori." Akampa Katekista asome. Katekista akasoma kwa sauti iliyobaki: mkazi wa Amkeni, namba arobaini na moja, kiwanja cha karibu na kisima, jembe moja. Jina lote. Dole gumba.

"Neno langu ni hili," alisema Bibi Dominika. "Mtu wa Amkeni, mpeni Albina hata kesho. Mtu wa Tukuyu simjui, hajawahi kunibeba."

Wazee wote wakamgeukia Asajile. Alisimama katikati yao, karatasi moja inamwita huku, karatasi nyingine inamwita kule, na zote mbili zina muhuri. Lakini hakuwa anawatazama wazee. Alikuwa anamtazama Albina, aliyekuwa ameinua macho kwa mara ya kwanza siku ile, na hayakuwa macho ya kucheka.

"Nipe," alisema Albina.

Akampa barua. Albina amesoma mpaka darasa la nane, kusoma si kazi kwake. Akaikunjua mara nne. Akasoma ukurasa wa mbele, uso wake ukawa mgumu kama chungu kilichotoka motoni. Asajile akaona yamekwisha.

Kisha Albina akaigeuza ile karatasi.

Akasoma mistari miwili. Akarudia kuisoma kwa kidole. Akamtazama bibi yake, akaitazama karatasi ya Amkeni iliyokuwa bado imetandazwa pale gotini, akaitazama tena barua.

"Asajile," aliuliza polepole, "huku nyuma ulisoma?"

Asajile akatikisa kichwa.

Albina akanyoosha mkono, akakivuta kile kigoda cha Amkeni, akakaa. Mistari ile miwili, wasomaji, tutaisoma wiki ijayo.